Kidari cha meko cha watoto: jinsi ya kuunda jiko la kupika-pika, meza na viti kwa mbao za kuokota

Watoto wetu wa Lamu wakitoka chuoni, madrasa, jioni utawakuta dakani, pale kibarazani mlangoni, wamejipanga, mmoja mama, mmoja mgeni, mmoja kaenda sokoni, vifuu ndo sahani na mchanga ndo wali. Bibi zetu walicheza hivohivo. Mimi binti yangu alikuwa na miaka mitatu alipoanza kunifuata juu darini nikipika, na nyumba yetu ni zile za zamani, meko iko juu kwenye kidari, yaani pahali pa kupikia huko darini, chini ya makuti, hakuna mlango wa kufunga, basi siku moja nakaanga samaki nageuka namkuta kashika ukingo wa karai. Nilimvuta, mafuta yakamwagika pembeni, Alhamdulillahi hakuungua. Lakini usiku ule sikulala, na asubuhi yake nikaamua lazima awe na meko yake mwenyewe, mbali na moto, apike na mimi nipike.

Hapo ndo nilipoanza. Tangu siku hiyo nimeunda majiko manne, la kwetu, la dada yangu na mawili ya jirani, pamoja na meza na viti, yote kwa mbao za kuokota au kuomba. Nitaeleza vile nafanya saa hii, sio vile nilivyoanza, manake ile meza ya kwanza kabisa niliikosea na nitaisema pia huko mbele. Kitu kimoja mkijue mapema: kupigilia misumari ni kazi ya siku moja tu. Kazi yenyewe ni kuzitayarisha mbao, inachukua wiki mbili mpaka tatu, na ukiikata hiyo kazi mtoto ndo atakayeumia.

MBAO ZINAPATIKANA WAPI

Paleti, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, ndo rahisi zaidi. Saruji na vigae vinavuka kutoka Mokowe upande wa bara, vingine vinakuja juu ya paleti, na penye ujenzi wowote ukimuuliza msimamizi kwa adabu mara nyingi atakwambia beba. Mbao zake zina unene wa kama sm 2 na upana wa kama sm 9 au 10, ni saizi nzuri sana kwa kazi ya watoto. Mpatie mwenye punda kitu chake akufikishie nyumbani.

Pili ni kwa mafundi wa majahazi. Ukifika Matondoni, au popote wanapounda, utakuta vipande vya mbao ngumu vimetupwa chini, na mara nyingine mataruma yaliyokataliwa, yale magogo ya kupinda ya kutengeneza mbavu za chombo. Omba kwanza, usiokote tu, fundi anaweza kuwa amekiweka kipande kile kwa kazi yake. Taruma lililopinda vizuri usiliache hata kama hujui utalifanyia nini, mawili yanayolingana ukiyapata ni miguu ya dau la kubembea, na watoto wanaoshangilia mashindano ya vyombo wakati wa Maulidi wakiliona hawatateremka.

Tatu ni nyumba zinazokarabatiwa. Dari likivunjwa zinashuka boriti, mazio, pau na fito za mikoko (kuanzia nene mpaka nyembamba) zenye umri mkubwa kuliko sisi, na zile ambazo hazikuingiwa na mchwa ni ngumu kama chuma. Pau inatoa miguu mizuri ya meza. Tafadhali lakini msikate mikoko mibichi kwa ajili ya viti vya watoto, mikoko ndo inashika pwani yetu na ndo malezi ya kamba na kaa, za zamani zinatosha.

Na nne ni bahari yenyewe. Kusi ikivuma ufuo wa Shela unaletewa mbao, maboya, kamba na malapa mpaka unashangaa.

ZA KUKATAA

Hapa sitaki mtu anifanyie haraka. Paleti iliyopita mipakani inakuwa na muhuri, alama kama suke la ngano na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi na nambari, kisha herufi za dawa. Ukiona HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua. Ukiona MB ilipigwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, iache hapo hapo, usiikate wala usiichome. Isiyo na muhuri wowote angalia madoa na inuse, ikiwa inanuka dawa au mafuta ya mashine hiyo si ya mtoto.

Mbao zenye rangi ya zamani nazo ni hatari. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaathiri ubongo, hakuna kiwango ambacho ni salama. Ukisugua kwa msasa unaifanya vumbi, mtoto analamba mikono, basi. Mimi ubao wenye rangi nisiyoijua siutumii kabisa. Na ubao uliotoka chini ya boti, upande unaokaa majini, hata uwe mzuri namna gani usiuguse, rangi ya kule imetengenezwa iue viumbe vya baharini wasishike chombo.

Iliyotobolewa na dumuzi ikitoa unga ukiigonga, acha, itawapelekea wadudu mbao zenu nyingine zote za nyumba.

HATUA YA KWANZA: KUTOA MISUMARI

Vaa viatu vya kufunika, sio malapa, na glavu kama unazo. Msumari wenye kutu ukikuchoma nenda hospitali uulize chanjo ya pepopunda, usisubiri uone kama itavimba.

Misumari ya paleti imetengenezwa na mizunguko ili isitoke, ukiivuta kwa nguvu ubao unapasuka. Njia yangu ni kupenyeza msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo nikakata msumari katikati, halafu kile kipande kilichobaki nakigonga kutoka upande wa ncha kitokeze kichwa, alafu nyundo ya makucha inamaliza. Inachosha, fanya paleti moja kwa siku. Ukimaliza chukua spika yoyote iliyokufa, vunja utoe sumaku ya nyuma, funga kwenye uzi na uipitishe juu ya kila ubao pande zote mbili. Ikivutwa kuna msumari umejificha. Hii sumaku imenitolea vipande ambavyo macho yangu yalipita juu yake mara tatu.

HATUA YA PILI: KUTOA CHUMVI

Ahadi yangu ya ile meza ya kwanza. Niliiunda kwa mbao za ufuoni, nilizianika siku mbili juani nikaona zimekauka, nikapigilia misumari ya kawaida. Ilikaa vizuri miezi michache. Masika ilipoingia chumvi iliyokuwa ndani ya mbao ikavuta unyevu, misumari ikaliwa kwa ndani bila kuonekana nje, mtoto wa dada yangu akaegemea meza na mguu ukachomoka. Alipasuka mdomo. Nilikuwa nimeiunda kwa mikono yangu mwenyewe na mapenzi yote lakini mapenzi hayakuishika ile meza.

Kwa hivo mbao ya bahari inalowekwa maji matamu. Tumia pipa au tangi bovu, siku tatu mpaka nne, maji unabadilisha kila siku, na kama ni wakati wa mvua kinga maji ya makutini, usimalize maji ya nyumba. Alafu unazianika kivulini, sio juani, manake jua linakausha juu wakati ndani bado na ubao unapasuka. Zipange kwa tabaka, kati ya tabaka na tabaka weka fito ili upepo upite, na juu weka mawe zisipinde. Wakati wa kaskazi, kiangazi, wiki mbili zinatosha, wakati wa mvua hata mwezi. Utajua zimekauka ukiinua ubao ni mwepesi na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia mkavu.

Mbao za paleti na za nyumbani hazihitaji kulowekwa, zisugue tu kwa maji na sabuni na brashi ngumu, zianike.

HATUA YA TATU: MPIME MTOTO

Usipime kwa kukisia wala kwa picha uliyoiona mahali. Msimamishe bila viatu, akunje mkono, pima kutoka kiwiko mpaka sakafu alafu toa sm 5, hapo ndo juu ya jiko patakuwa. Kwa mtoto wa miaka mitatu inaangukia kama sm 50. Kiti kinapimwa kutoka nyuma ya goti mpaka chini, nyayo zote ziguse sakafu, kwa mtoto wa miaka miwili ni kama sm 22, wa mitatu minne sm 26, wa mitano sita sm 30 hivi. Meza iwe juu ya kiti kwa sm 20 mpaka 22.

Bibi yangu hakuwa na futi kamba, kiti cha mtoto mchanga alikiita kiti cha shubiri, na kweli shubiri ya mtu mzima ni hizo sm 22. Shubiri inasaidia kwa jambo lingine kubwa zaidi: mianya. Mwanya wowote kwenye kitu cha mtoto uwe mdogo kuliko upana wa kiganja chako, au uwe mkubwa kuliko shubiri na upana wa kidole. Kati ya sm 9 na 23 mwili unapita kichwa kinakwama, na hapo mtoto ananing'inia kwa shingo. Mianya midogo kati ya mbao na mbao iwe chini ya milimita 8 au zaidi ya milimita 25, katikati ya hapo vidole vinanasa.

HATUA YA NNE: KUUNDA JIKO

Kipimo changu ni upana sm 80, kina sm 35, kimo cha mbele sm 50, nyuma sm 95. Kabla hujaanza pima mlango na ngazi, nyumba zetu ngazi ni nyembamba na zina kona, jirani yangu mmoja tulilazimika kulifungua upya jiko lililokwisha ili lipande juu. Ikiwa kuna wasiwasi liundie hukohuko litakapokaa.

Miguu ya mbele miwili kata sm 48, ya nyuma miwili sm 95, kwa mbao za inchi mbili kwa mbili au pau iliyonyooka. Anza na ubavu mmoja: laza mguu mfupi na mrefu sakafuni, uunge kwa vipande viwili vya sm 35, kimoja sawa na kichwa cha mguu mfupi, kingine ukingo wake wa juu uwe sm 12 kutoka chini. Utaona umepata kitu kama herufi h ndogo. Tengeneza ubavu wa pili uuangaliane na wa kwanza kama kiatu cha kulia na cha kushoto, hapa wengi wanakosea wanaunda mbili za upande mmoja.

Simamisha mbavu mbili, unga mbele na nyuma kwa mbao za sm 80, juu na chini. Kabla ya kukaza chukua kamba upime kutoka pembe mpaka pembe ya mkabala, kisha pembe zile nyingine mbili. Kamba ikitosha sawasawa fremu imekaa mraba, ikizidi upande mmoja sukuma mpaka zilingane. Alafu piga ubao wa mshazari mgongoni, huo mmoja ndo unaozuia jiko lisiyumbe, usiuache.

Misumari tumia ile iliyotiwa zinki wanayotumia mafundi wa boti, au skrubu za stenlesi kama mfuko unaruhusu. Hewa yetu ya chumvi inakula ile ya kawaida hata kama mbao ni safi. Toboa kwanza kwa keekee au drili, tobo jembamba kidogo kuliko msumari, kwenye boriti ya mkoko bila kutoboa msumari utapinda tu. Na karibu na ncha ya ubao uugonge msumari ncha iwe butu kwanza, msumari butu unavunja nyuzi za ubao badala ya kuzitanua, hauupasui.

Juu ya jiko panga mbao nne za urefu wa sm 80, ule wa nyuma kabisa ukate kidogo ukae kati ya miguu mirefu. Chini vilevile, iwe shelfu. Mgongoni sehemu iliyo juu ya jiko piga mbao mbili au tatu za kulala, na huko utatia vigingi vya mti, vinene na butu, vya kutundikia upawa. Msitie misumari kama kulabu. Macho ya mtoto yako kwenye kimo hichohicho.

HATUA YA TANO: BESENI NA MAFIGA

Beseni la kuoshea chukua lolote dogo la plastiki lenye ukingo, lililotumika kwa chakula sio dawa wala rangi. Geuza kifudifudi juu ya jiko, chora duara kwa penseli, alafu chora lingine ndani yake kwa wanda moja hivi, upana wa kidole, hilo la ndani ndo unakata. Kabla ya kukata pigilia vipande viwili kwa chini, kimoja kila upande wa duara, manake ukikata bila hivyo mbao zinabaki zinaning'inia. Toboa tobo moja la kupenyezea msumeno mwembamba na uende polepole. Kama huna msumeno huo acha tu nafasi ya mraba wakati wa kupanga mbao, beseni la mraba litakaa.

Mafiga mimi nimefanya ya malapa. Soli zilizookotwa, zimeoshwa kwa sabuni, nakata maduara meusi matatu ya upana wa kiganja nayagundisha na kuyapiga skrubu katikati. Hata jahazi la Flipflopi lililoundwa hapahapa Lamu, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar, limeundwa kwa plastiki na kuvishwa malapa, vyote vya kuokota, kwa hivo msiidharau ndara iliyokatika. Vipande vingine vibandike chini ya miguu ya jiko na viti, havitelezi na havikwaruzi sakafu, na pembe zote za meza zifunikeni. Ila kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu acheni malapa, anamega kwa meno, badala yake chora mafiga kwa rangi. Na kwa umri huo chochote kinachopita kwenye tundu la sm 3 na nusu kisiwepo kabisa, vifuniko vya chupa, vifungo, kete, vyote.

Mlango wa shelfu ya chini sitii, natia pazia la kipande cha leso kuukuu kwenye kamba. Hakibani vidole, na mtoto anachagua mwenyewe leso ya nani. Vyombo ni vifuu vilivyosuguliwa, upawa mdogo, kibao cha mbuzi bila ulimi wake wa chuma.

HATUA YA SITA: MSASA NA RANGI

Msasa namba 80 kwanza, alafu 120, kufuata nyuzi za ubao sio kukata. Kona zote ziwe mviringo kama ukingo wa sarafu. Ukidhani umemaliza pitisha kitambaa chepesi cha pamba juu ya kila sehemu ambayo mkono wa mtoto utafika, kikinasa kuna kibanzi, rudi. Usugue nje penye upepo, watoto wasiwepo, pua umefunika.

Rangi iwe ya maji, kopo liandikwe haina risasi, tabaka mbili nyembamba, na iache iive siku kadhaa kabla ya kuchezewa. Ukipenda mbao ionekane tumia mafuta ya kitani, lakini vile vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa pembeni, vinajipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka, na darini kuna makuti. Vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya maji. Mtu akikushauri sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi, mwambie asante, ni harufu ndani ya nyumba mwaka mzima.

Meza na viti ni kazi ileile kwa ufupi: meza ni fremu ya mraba sm 60 kwa 60 na miguu minne, kila kona itiwe kipande cha pembetatu kwa ndani. Kiti mimi siundi chenye mgongo, naunda kibao cha kukaa kitako, mbavu mbili, ubao wa juu na mmoja wa kuunga katikati. Hakipinduki na mtoto wa miaka miwili anakibeba mwenyewe.

KABLA YA KUWAKABIDHI

Vuta jiko kutoka juu kama mtoto anayejaribu kulipanda. Likiinuka hata kidogo weka mfuko wa mchanga kwenye shelfu ya chini na ulifunge kwenye nguzo, plasta zetu za chokaa za zamani hazishiki msumari. Liweke pahali ambapo unawaona na wao wanakuona, la kwetu liko upande wa pili wa kidari, hatua sita kutoka motoni, na kati yetu nimelaza boriti moja chini. Yule binti anajua upande ule ni wake na huu ni wangu, ananiuliza kutoka kule, "Ma, wali wako umeiva?", mimi namwambia bado.

Kila mwanzo wa mwezi litikiseni, pitisheni mkono chini na nyuma, mtafute kichwa cha msumari kilichoinuka na alama ya kutu. Kamba ya pazia ikianza kuchanika itoeni yote mtie mpya, msiifunge fundo. Na mtoto akikua juu ya jiko pakamfikia chini ya kiuno, geuzeni jiko, unga vipande vya pau vya sm 8 kwenye miguu, kila kimoja kwa ubao wa kushikiza pande mbili. La kwetu limeshaongezwa mara moja.